Jino la Juu

Nilisikia kabla ya kuona. Kijiko kiligonga kitu ndani ya mdomo wa mtoto: ti.

Nilikuwa jikoni, nimewapa mgongo, nachambua mchele tulioletewa kutoka Ndungu. Nyuma yangu, sebuleni, dada yangu alikuwa akimlisha binti yake uji wa ulezi. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya kijiwe kikidondoka kwenye sinia, lakini niliijua papo hapo. Huo ulikuwa mlio wa jino la kwanza. Nikageuka na vigelegele mdomoni, tayari kuvipiga.

Dada hakuwa anacheka. Kijiko kilikuwa bado hewani. Akakiweka kwenye bakuli, akanawa mkono, akaingiza ncha ya kidole kwenye mdomo wa mwanawe. Akapapasa chini, kutoka kushoto hadi kulia, polepole. Kisha akapapasa juu.

"Liko wapi?" nikauliza.

"Juu."

"Na chini?"

"Chini hakuna kitu."

Mtoto alikuwa na miezi saba. Alifurahi kupata kidole, akakinyonya, akatucheka, na uji ukamtiririka kidevuni. Dada akamfuta. Halafu akamfuta tena mahali ambapo hapakuwa na uji.

Kwetu sisi Wapare hahitaji kusema zaidi mtu anayesema neno hilo moja. Meno ya mtoto yanatarajiwa kuanza chini. Aliyetanguliza ya juu aliitwa kigego, na zamani, kabla bibi wa bibi zetu hawajaingia kanisani, kigego hakuachwa akakua. Aliaminika kuwa ni balaa kwa ukoo mzima. Kuna majabali milimani kwetu ambayo wazee wakipita karibu nayo hukatisha mazungumzo, kisha huyaendeleza mbele kidogo. Hayo yalikwisha. Siku hizi hakuna mtu, hapa Same mjini wala juu milimani, anayemdhuru mtoto kwa sababu ya jino. Lakini tendo linaweza kwisha na jicho likabaki. Niliwahi kumwona mama mmoja akimpakatisha jirani yake mtoto wake. Mtoto akacheka, jirani akaona, akamrudisha kwa mama yake taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya moto.

Dada hakuogopa mwanawe kuuawa. Aliogopa mwanawe kurudishwa hivyo, taratibu, na bibi yake mzaa baba, mbele ya ukoo wote, na kukua akilijua hilo.

Na huyo bibi alikuwa njiani. Kesho yake, Alhamisi, angeshuka kutoka Myamba kuja kumchukua mtoto na mama yake, ili Jumapili mtoto abatizwe kwenye kanisa la huko juu, alipobatizwa baba yake. Ndiyo ingekuwa mara ya kwanza kumwona mjukuu huyu. Tena alikuwa na desturi inayojulikana na wakwe zake wote: akikutana na mjukuu mpya hampi zawadi, hamwombei, hamwangalii mara mbili, kabla hajachovya kidole chake cha mwisho kwenye asali na kukipitisha kwenye fizi za mtoto. Chini, kisha juu. Wajukuu kumi na mmoja walikuwa wameshapita chini ya kidole hicho.

Dada akampigia simu mumewe, ambaye kazi yake ni ya kilimo cha mpunga Ndungu na nyumbani huja mwisho wa juma. Akaweka sauti kubwa ili mikono ibaki huru kumshika mtoto.

"Hayo ni mambo ya kale," shemeji akasema.

"Najua ni mambo ya kale."

"Basi usiwe na wasiwasi. Lakini mama tusimwambie kwanza."

*

Dada yangu anafundisha baiolojia ya sekondari. Wakati ule sebule yake ilikuwa na mgeni wa ajabu: boksi la televisheni lililogeuzwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Ndani mlikuwa na balbu, kipimajoto, sahani ya maji na mayai ishirini na manne. Alikuwa akiyaandalia wanafunzi wake ili waone kiinitete kwa macho yao badala ya kukichora kutoka ubaoni. Shuleni umeme ulikuwa unasumbua, na upepo wa Same, ambao huingia hata pasipo na tundu, ungepooza mayai kwa siku moja. Kwa hiyo yakalelewa nyumbani. Mimi nilikuwa nimekuja kukaa kwake miezi michache nipate utulivu wa kuandika, na sharti la chumba cha uani lilikuwa kuyageuza mayai hayo mara tatu kwa siku. Kila yai lilikuwa na alama mbili za penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili nisije nikaligeuza moja mara mbili na jingine nikalisahau.

Mchana wa siku ile ya jino, mtoto akiwa amelala, dada alitoa yai la siku ya nne. Nadhani alihitaji kushika kitu anachokielewa. Akalilaza kwenye kikombe chenye pamba, akalikata kwa makasi madogo juu, akafungua kidirisha cha ukubwa wa sarafu.

"Sogea. Usipumulie ndani."

Juu ya kiini cha njano palikuwa na mishipa myembamba mno, imetandaa kama mifereji inavyoonekana ukiwa juu ya mlima. Katikati, doa jekundu lilikuwa linaruka. Linaruka, linaruka. Huo ulikuwa moyo. Kando ya moyo kulikuwa na jicho jeusi, kubwa kuliko haki yake, na ubavuni kijivimbe kidogo cha kung'aa.

"Hicho kitakuwa bawa," dada akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi. Akiongea mambo haya huwa mrefu zaidi, sijui kwa nini. "Sasa niulize kinajuaje."

"Kinajuaje?"

"Hakijui. Kinaambiwa. Kwenye ncha ya kijivimbe kuna ukingo wa seli. Seli hizo zinatoa protini ndogo sana, tunaziita vichocheo vya ukuaji. Zinatoka, zinasambaa kwa seli zilizo chini yake. Na zile za chini, juu ya utando wake, zina vipokezi. Kipokezi nusu yake iko nje ya seli, nusu iko ndani. Nje kinakamata kichocheo, ndani kinaamsha seli. Taarifa inapokezanwa mpaka kwenye kiini cha seli, na seli inaamua: nigawanyike, nihame, nigeuke mfupa, nife."

"Ife?"

"Vidole vyako vimeachana kwa sababu seli za katikati zilikubali kufa." Akauinua mkono wangu, akatandaza vidole vyangu mbele ya dirisha. "Na zile za chini hazipokei tu. Zenyewe zinajibu, zinatuma kichocheo kingine kurudi juu kwenye ukingo, usichoke, endelea. Ukiondoa ukingo mapema, bawa linaishia begani. Ukiweka kichocheo ubavuni mahali pasipo na bawa, katika siku zake zinazofaa, linaota bawa la ziada. Wataalamu wamefanya, wameona."

Nilikuwa nimesoma mambo haya shuleni kama kila mtu, nikayakariri, nikafaulu, nikayasahau. Sikuwa nimewahi kuyaona yakiruka. Siku ile niliinama juu ya yai lenye dirisha nikaelewa kwamba mwili hauna msimamizi. Hakuna seli hata moja yenye ramani ya kifaranga kizima. Kila moja inamsikia jirani yake tu, inamjibu jirani yake tu, na katika mashauriano hayo ya majirani anatokea kiumbe mwenye mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mwili wangu uliwahi kuumbwa kwa mazungumzo ya namna hii.

"Na meno?" nikauliza.

Dada hakuinua uso. "Hivyo hivyo. Wiki ya sita tumboni. Ngozi ya ndani ya mdomo inaita, nyama ya chini inaitika, halafu zinabadilishana, ya chini inaita na ya juu inaitika. Taya la juu na la chini yote yana majadiliano yake. Kuchomoza ni baadaye sana, na kuchomoza nako kuna vichocheo vyake." Akakata kipande cha selotepu, akaziba kidirisha cha yai kwa uangalifu. "Unajua kimoja kati ya vichocheo vya kwanza kabisa kugunduliwa kiligunduliwaje? Watoto wa panya walidungwa dawa iliyotolewa kwenye tezi. Wakafumbua macho mapema, na meno yao yakatoka mapema. Mtu akaona jino limewahi, akauliza kwa nini, akatumia miaka kulitafuta jibu."

Akalirudisha yai mahali pake, akafunika boksi.

"Wenzetu waliona jino limewahi wakauliza swali," akasema. "Sisi tuliona jino limekosea mahali, tukajibu kabla ya kuuliza."

"Basi mwambie mama mkwe wako hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Mimi nafundisha wanafunzi. Sijawahi kumfundisha mama mkwe."

*

Uongo niliubuni mimi, na niliubuni kwa fahari. Tungesema mtoto ana vidonda mdomoni na daktari amekataza asiguswe. Ulikuwa mfupi, wenye huruma, na ungekufa wenyewe baada ya wiki mbili tatu, meno ya chini yakishatoka. Dada aliuliza itakuwaje mtoto akicheka. Nikasema tutamfanya asicheke. Yeye akanitazama, mimi nikamtazama mtoto, na mtoto akatucheka wote wawili kwa jino lake moja.

Alhamisi mchana upepo ulikuwa umechachamaa, vumbi linapiga mabati kama mvua kavu. Katikati ya kelele hizo tukasikia hodi.

"Karibu mama! Shikamoo!"

"Marahaba, wanangu. Jamani huu upepo wenu! Umenipeleka hadi kwa jirani kabla sijafika kwenu." Mama mkwe wa dada, ambaye nami nilimwita mama, alikuwa mwanamke mfupi, imara, kanga mbili na sweta la Myamba ambalo kwa joto la Same lilikuwa adhabu, lakini hakulivua. Mgongoni mzigo wa ndizi, mkononi kiroba cha tangawizi mbichi kilichojaza nyumba harufu ya shamba. "Mke mwenzangu yuko wapi?"

Mke mwenza ndiye mjukuu, kwa utani wa mabibi.

"Amelala, mama," dada akasema. Na mtoto, kutoka chumbani, akaita kwa sauti ya mtu aliyeamka zamani.

Mama alicheka. Akatua mizigo, akaomba maji, akanawa mikono. Alinawa kwa sabuni, mpaka viwikoni, kucha moja moja. Halafu akatoa kwenye fundo la kanga kichupa kidogo kilichozibwa kwa kitambaa. Asali. Dada alikuwa amemleta mtoto, amemlaza kifuani, uso umeelekea ndani. Akanikazia macho.

"Mama," nikaanza, "mtoto ana vidonda mdomoni. Daktari amesema asiguswe."

"Pole, mke mwenzangu." Akasimama na kichupa chake. "Daktari gani huyo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali hilo.

"Wa meno," nikasema.

Upepo ukapiga bati mara moja, ukatulia. Dada akafumba macho.

"Mtoto asiye na meno," mama akasema taratibu, "amepelekwa kwa daktari wa meno." Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Huku Same mmeendelea."

Akavuta kiti, akaketi, kichupa akakipakata. Ningependelea agombe. Macho yake yalizunguka sebule kana kwamba anahesabu fanicha, yakafika kwenye boksi lililotoa mwanga kwenye mikunjo.

"Na huyo kuku wenu wa balbu, analalia nini?"

Dada alilirukia swali hilo kama mtu anayekimbia mvua. Akafungua boksi, akaeleza joto, akaeleza maji, akanituma nitoe yai lenye kidirisha. Nikavuta selotepu. Mama akainama, akaona moyo unavyoruka, akatoa sauti ndogo ambayo haikuwa neno.

"Kanakwenda chenyewe," akasema, amechanganya hata ngeli kwa mshangao.

"Siku tano tu, mama. Hapo mwanzo seli zote zinafanana. Hakuna ya jicho wala ya bawa."

"Nani anaziambia?"

"Zinaambiana. Hizi za hapa zinatoa kitu kidogo, hakionekani, kinasambaa kwenda kwa majirani. Walio karibu wanakipata kwa wingi, wanakuwa kitu fulani. Walio mbali wanakipata kidogo, wanakuwa kitu kingine." Alitafuta mfano. Mifano yake yote ilikuwa ya kitabuni, nilimwona anaiokota na kuitupa. "Ni kama... tuseme..."

"Kama maji ya ndiva," mama akasema.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, lililochimbwa na koo zetu mlimani muda mrefu kabla yetu. Hukusanya maji ya kijito, kisha hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji shamba hadi shamba, kwa zamu. Mama huyu alikuwa amekaa kwenye kamati ya maji ya kijijini kwao kwa miaka mingi, na ni watu wachache waliothubutu kubishana naye kuhusu mfereji.

"Mwenye shamba karibu na ndiva anapata mengi, analima magimbi," akaendelea. "Wa mbali anapata kidogo, anapanda maharage. Maji ni yale yale."

"Ndiyo hivyo hasa, mama!" Dada alisahau woga wake wote. "Maji ni yale yale, shamba ndilo linaloamua."

"Sasa mtu asipofungua?"

"Asipofungua nini?"

"Mlango wa shamba lake! Maji yanapita, yeye amelala, hajatoa lile tope la kwenye mlango. Atailaumu ndiva?"

"Huo mlango, mama, ndio tunaouita kipokezi. Kichocheo kinaweza kujaa tele. Seli isiyo na kipokezi chake kinaipita tu."

"Na akiuacha wazi wakati si zamu yake?"

"Hapo kunaota kisichotakiwa, au kunakua kupita kiasi."

"Shamba linaoza," mama akakubali, kama mtu aliyeshuhudia kesi hizo. Akalitazama yai tena. "Na maji yakija zamu imeshapita, mbegu imekauka?"

"Yanapita bure. Kila kitu kina siku zake za kusikia."

Walikuwa wameinama pamoja juu ya boksi, vichwa vinakaribia kugusana, mwanga wa balbu unawapiga wote usoni. Mimi nilikuwa nimeshika yai na sikuthubutu kusogea. Mtoto alikuwa amegeuka kifuani kwa mama yake, anautamani mwanga.

"Na meno?" mama akauliza.

Hakuna aliyekuwa ametaja meno tangu lile neno langu la kipumbavu. Aliuliza bila kuinua kichwa, kwa sauti ile ile ya kuulizia maharage.

Dada akanyooka. Nilimwona akinitazama, na niliogopa atakimbilia tena kwenye vidonda. Lakini alikuwa ameshaanza kufundisha, na dada yangu akishaanza kufundisha hawezi kusema uongo. Hilo nilipaswa kulijua kabla ya kubuni chochote.

"Meno pia, mama. Yanaitwa na kuitikia hivyo hivyo."

"Kwa zamu?"

"Kwa zamu."

"Nani huanza?"

"Mara nyingi ya chini." Akamkaza mtoto kifuani. "Mara nyingine ya juu."

"Kuna aliyekosa?"

"Hakuna aliyekosa, mama. Zamu tu imeanzia upande wa pili."

Mama akarudi kwenye kiti chake, akaketi, akafungua kitambaa cha kichupa fundo baada ya fundo.

"Kwetu ndiva iko juu," akasema. "Mashamba ya juu ndiyo hupata maji kwanza. Miaka yangu yote kwenye kamati sijasikia kikao kimeitwa kwa ajili hiyo." Akachovya kidole. "Mlete."

Dada akampa mtoto. Sijui aliwezaje. Mikono yake ilibaki hewani kidogo baada ya mtoto kutoka, kana kwamba inasubiri arudishwe.

Kidole kikapita chini, kutoka kushoto hadi kulia. Kikapanda juu. Ukucha ukagonga: ti.

Mtoto akakiuma.

"Lo!" mama akapiga kelele, na hakukiondoa kidole. "Kali hili! Mke mwenzangu, unaniuma ndani ya nyumba yangu?" Akampaka asali pale juu, kwenye jino lenyewe, akazunguka, akapaka tena. Mtoto akafumba macho kwa utamu. Mama hakumrudisha kwa mtu. Akamweka vizuri pajani, akamfunika miguu kwa kanga, ndipo akatutazama.

"Mlidhani kidole hiki kinatafuta nini?"

Nikaliziba yai, nikalirudisha kwenye boksi.

"Mama yangu alikuwa na mdogo wake," akasema. "Alikuwa anambeba mgongoni, yeye mwenyewe akiwa msichana mdogo. Siku moja mtoto akacheka njiani, mwanamke wa jirani akaliona jino kabla ya mtu yeyote wa nyumbani. Siku ya pili mgongo wa mama yangu ulikuwa mtupu. Hakuambiwa kitu. Alipokuja kutuzaa sisi, alikuwa anatia kidole mdomoni kila asubuhi. Akatufundisha mabinti zake wote: katika nyumba yako, wa kwanza kujua awe anayempenda mtoto, ili apate siku za kumficha. Asali ni ya kuwapumbaza watu waone ni baraka tu."

Dada alikuwa ameanza kulia, bila sauti.

"Kwa wanangu kidole hiki kililikuta jino juu mara mbili. Na wewe," akanigeukia, "uongo wako ni mbaya. Vidonda kila mtu anataka kuvitazama. Mimi nilisema surua. Surua hakuna anayeingia kuchungulia. Mtoto alikaa chumba cha ndani mpaka ya chini yakatoka."

"Mara mbili, mama?" nikauliza. "Ni nani hao?"

"Mmoja ni binti yangu, ameolewa. Wa pili analima mpunga Ndungu, anajiita mtaalamu." Akacheka mpaka mtoto akatikisika pajani. "Hajui. Mwacheni hivyo hivyo, akijua atajidai."

Dada alipangusa uso kwa kiganja. "Basi tumfiche na huyu, mama? Tuahirishe ubatizo? Naweza kusema surua."

Nilijua hilo ndilo swali lenyewe, na mama naye alijua. Alimtazama mtoto ndani ya mdomo, kwa macho safari hii.

"Nimeficha wawili," akasema. "Nimechoka. Jumapili nitambeba mimi. Nitamchekesha mimi mwenyewe pale mlangoni mwa kanisa, waone wote kwa mara moja. Atakayekuwa na neno aniambie mimi, nimpeleke kwenye ndiva nikamwonyeshe maji yanaanzia wapi."

"Wakimkataa?"

"Waanze na mimi."

*

Dada hakujibu siku ile. Jioni alipika, akasahihisha madaftari, akaniuliza mara tatu kama nimegeuza mayai. Mama mkwe wake hakumshurutisha. Alikaa na mtoto kwenye mkeka, akimtajia mashamba yote ya mfereji kwa mpangilio wake, kutoka la juu hadi la mwisho, na mtoto akasikiliza kwa utulivu mkubwa, kidole cha bibi mdomoni.

Asubuhi, kabla ya basi la Ndungu, niliwakuta wamefunga mizigo. Shemeji angewapokea huko na kupanda nao Myamba. Mama alikuwa ameshambeba mtoto mgongoni, mbeleko imekazwa, sweta lake la mlimani mwilini. Nje upepo ulikuwa umeshaamka. Dada alichukua kitambaa laini, kile tulichokiandaa tangu siku ya jino kwa ajili ya kumfunika mtoto mdomo watu wakipita. Akasimama nacho. Akamtazama mwanawe, na mwanawe, akiona anatazamwa, akacheka.

Dada akakikunja kitambaa mara mbili, akanipa.

"Kifutie sahani ya maji ya mayai," akasema. "Maji yakipungua ongeza ya uvuguvugu. Mchana usisahau, misalaba yote juu."

"Nimesikia, mwalimu."

"Na wewe mwandishi," mama akasema kutoka barazani, "jifunze uongo mzuri, au uache kabisa."

Kwenye njia ya kuingilia, jirani yetu alikuwa anafagia. Nilimsikia akisalimia, nikamsikia mama akisema, kwa sauti ya mtu anayefungua kikao, "Hebu njoo umwone mke mwenzangu, ameota jino. Liko juu." Fagio likanyamaza. Dada alikuwa bado kizingitini, mkono kwenye kitasa, anasikiliza pamoja nami.

"La juu?" jirani akauliza.

"La juu. Shika, umwone mwenyewe."

Fagio likawekwa chini. Kisha tukasikia mtoto akicheka kwa kelele zile za mtu anayerushwa juu na kudakwa, na jirani akicheka naye.

Upepo ulisukuma mlango, balbu ndani ya boksi ikacheza. Dada akageuka haraka, akaona, akasema, "Mayai!" Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake kwa nguvu mpaka komeo likaingia mahali pake.